Sura ya Sita: Ukurasa si Ghala

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulifanyika mwaka 1973, lakini wizara hazikuanza kuhama kwa kasi hadi 2016. Leo Bunge, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, TAMISEMI, Sekretarieti ya Ajira na wizara zilizojengwa Mtumba ziko katika jiji moja, na sehemu kubwa ya maandishi ambayo Mtanzania hupokea kutoka serikalini huanzia hapo. Maandishi hayo hutoka yakiwa na umbo ambalo kila mwenye simu analijua: PDF. Majina ya walioitwa kwenye usaili huja kwa PDF. Majadiliano ya Bunge huja kwa PDF, na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu hali kadhalika. Umbo hilo lina sifa zake, nami nitazitaja kwa haki. Hoja ya sura hii ni kwamba ukurasa unapaswa kuwa kitu cha mwisho kutengenezwa, utengenezwe na programu kutoka kwenye data iliyopangwa vizuri, na data hiyo ibaki hai baada ya ukurasa kutoka. Ofisi inayoufanya ukurasa kuwa hifadhi yake pekee inapoteza mali ya umma, hata kama makabati yake yote yamepangika.

Ili hoja hiyo ieleweke, lazima tuingie ndani ya faili lenyewe. Mwaka 1982 John Warnock na Charles Geschke walianzisha kampuni ya Adobe huko California, na mwaka 1984 wakatoa lugha iitwayo PostScript. Tatizo walilolitatua lilikuwa la uchapaji: kila printa ilikuwa na amri zake, na waraka uliochapwa vizuri kwenye mashine moja ulivurugika kwenye nyingine. PostScript iliueleza ukurasa kwa amri ambazo printa yoyote iliyofunzwa lugha hiyo ingezitekeleza. Sogea hadi hapa, chukua fonti hii kwa ukubwa huu, andika herufi hizi, chora mstari hadi pale. Mwaka 1985 Apple walitoa printa ya LaserWriter iliyoielewa lugha hiyo, na kazi ya kupanga kurasa ikahamia kwenye meza ya mtu wa kawaida. PDF ilizaliwa ndani ya Adobe mwaka 1993, ikiwa na wazo lilelile la kuueleza ukurasa, safari hii kwa ajili ya kioo cha kompyuta pamoja na printa. Mwaka 2008 ikawa kiwango cha kimataifa, ISO 32000, na yeyote anaweza kuandika programu ya kuitengeneza bila kumwomba Adobe ruhusa.

Sasa tazama jinsi kichwa cha barua kinavyoandikwa ndani ya faili la namna hiyo, kabla programu ya kusomea haijakipamba: BT /F1 12 Tf 72 770 Td (Halmashauri ya Jiji la Dodoma) Tj ET. Anza maandishi, chukua fonti namba moja kwa ukubwa wa pointi 12, sogea pointi 72 kutoka ukingo wa kushoto na pointi 770 kutoka chini, chora herufi zilizo kwenye mabano, maliza. Pointi 72 ni inchi moja, na karatasi ya A4 ina pointi 595 kwa upana na 842 kwa urefu. Hakuna mahali katika amri hizo panaposema kwamba maneno hayo ni kichwa cha barua, wala kwamba yanataja halmashauri, wala kwamba yanahusiana na aya iliyo chini yake. Faili linajua herufi zikae wapi, basi. Jedwali nalo halimo. Kinachoonekana kwa jicho kuwa ni jedwali la kata na idadi ya watu ni herufi zilizotawanywa kwa vipimo na mistari iliyochorwa juu yake, na mistari haijui kwamba inazizunguka namba. Mpangilio wa maana umo kichwani mwa msomaji.

Hapo ndipo maktaba ya programu inapoingia, yaani mkusanyiko wa vipande vya programu ambavyo mtu mwingine amekwisha kuviandika na kuvijaribu, ili mtengeneza mfumo asianze na amri za aina ya Tj na Td kila siku. ReportLab hutumika kwa lugha ya Python, PDFBox ya taasisi ya Apache kwa Java, FPDF na TCPDF kwa PHP, ambayo tovuti nyingi hapa nchini zimeandikwa kwayo. Mtengeneza mfumo huiambia maktaba: hii hapa orodha ya watu kutoka kwenye hifadhidata, weka kichwa hiki, panga safu nne, ukurasa ukijaa fungua mwingine na urudie vichwa vya safu. Maktaba hukokotoa vipimo vyote na kuandika faili. Mwananchi anayepata ankara yenye namba ya malipo kutoka kwenye mfumo wa malipo ya Serikali ulioanza 2017 hajui kwamba hakuna mtu aliyekaa kuiandika ankara ile. Programu imechukua jina, kiasi na namba kutoka kwenye hifadhidata na kuvipanga kwenye ukurasa kwa muda mfupi sana. Kwa kazi hiyo maktaba hizi hazina mpinzani. Zinaweza kutoa barua elfu kumi zenye sura moja, majina tofauti na makosa sifuri ya kunakili.

Kazi ya kubadilisha faili kutoka umbo moja hadi jingine ina sura tatu, na watu wengi huzichanganya. Kutoka kwenye data kwenda kwenye ukurasa ni rahisi na ni salama. Kutoka kwenye ukurasa wa aina moja kwenda kwenye ukurasa wa aina nyingine, kwa mfano kutoka PostScript kwenda PDF au kutoka PDF kwenda picha, ni kazi iliyokomaa. Ghostscript, programu iliyoanza 1988, huifanya. Kutoka kwenye ukurasa kurudi kwenye data ni jambo jingine kabisa. Mtama ukishasagwa unga hupikika vizuri, lakini hakuna anayepeleka unga shambani kupanda. Programu ya kurudisha maandishi kutoka PDF haisomi, inakisia. Inatazama umbali kati ya herufi na kukisia kwamba hapa neno limekwisha, inatazama herufi zilizo kwenye urefu mmoja na kukisia kwamba hizi ni mstari mmoja. Ukurasa ukiwa na safu mbili, kisio hilo mara nyingi hushona nusu ya sentensi ya kushoto na nusu ya sentensi ya kulia.

Kiswahili kina majeraha yake maalumu katika safari hiyo ya kurudi. Fonti nyingi nzuri huunganisha f na i kuwa umbo moja, kwa sababu kichwa cha f na nukta ya i hugongana. Ndani ya faili umbo hilo ni kitu kimoja chenye namba yake, na faili lisipobeba jedwali la kueleza kwamba namba ile inasimama kwa herufi mbili, programu ya kurudisha maandishi huidondosha. Neno ofisi hutoka likiwa osi, afisa hugeuka asa, na fidia hubaki dia. Katika nchi ambayo maneno hayo matatu yamejaa kwenye nyaraka za Serikali, na katika jiji ambalo upimaji na utwaaji wa ardhi umezalisha mafaili mengi ya fidia, mtu anayetafuta neno fidia kwenye waraka wa kurasa 300 anaweza kuambiwa halimo, wakati analiona kwa macho yake. Chukua pia kata ya Ng'hong'honha, upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Kialama kile cha juu kinaweza kuandikwa kwa namna tatu ambazo kwenye karatasi zinafanana: alama iliyonyooka ya kibodi, alama iliyopinda ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe, na herufi maalumu ya kiisimu. Kwa kompyuta hizo ni kata tatu tofauti. Data ikiwa imehifadhiwa kwa mpangilio, kasoro hiyo husahihishwa mara moja katika safu ya majina ya kata, na kila ukurasa utakaotengenezwa baadaye utakuwa sahihi. Kama kilichopo ni kurasa tu, italazimu kupitia kila faili.

Majadiliano ya Bunge ni mfano ninaoupa uzito kuliko yote, kwa sababu thamani yake inavuka siasa. Ni mojawapo ya hazina kubwa za Kiswahili rasmi kinachosemwa, chenye istilahi za bajeti, maji, barabara, afya na ulinzi, kilichonakiliwa neno kwa neno. Chuo Kikuu cha Helsinki, kilipojenga mkusanyo wake wa matini za Kiswahili kwa ajili ya utafiti, kiliingiza humo majadiliano ya Bunge la Tanzania. Anayetaka kufanya kazi kama hiyo leo kwa faili za tovuti hukuta kwamba ukurasa mmoja baada ya mwingine una namba yake na maandishi yanayosema hii ni nakala ya mtandao. Kwa jicho maandishi hayo yako pembeni na hayasumbui. Yakishageuzwa kuwa matini, yanaingia katikati ya sentensi ya Mheshimiwa aliyeanza kuongea chini ya ukurasa wa 41 na kumalizia juu ya ukurasa wa 42. Hakuna kinachosema ni nani anayeongea zaidi ya jina lililokolezwa wino, na kukolea kwa wino ndani ya faili ni kubadilisha fonti tu. Laiti kila mchango ungehifadhiwa kwanza ukiwa na msemaji, tarehe, mkutano na kikao vimetengwa, kisha maktaba ya programu ikatengeneza kurasa, Taarifa Rasmi ya Bunge ingebaki na sura yake ileile, na mwanafunzi wa UDOM angeweza kuuliza wabunge wa Singida wamelitaja suala la maji mara ngapi na akajibiwa siku hiyohiyo.

Sensa ya 2022 inaonyesha upande wa pili wa jambo hili. Makarani waliingia katika kaya na vishikwambi, na hesabu ya Watanzania 61,741,120, wakiwemo 3,085,625 wa Mkoa wa Dodoma, ilizaliwa ikiwa data. Hakuna aliyehitaji kuichapa upya kutoka kwenye dodoso la karatasi. Kila namba ilikuwa na anwani yake: mkoa, wilaya, kata, jinsia, umri. Anwani hiyo ndiyo inayodondoka namba inapopelekwa kwenye ukurasa peke yake. Programu ya kupanga kurasa inaweza hata kuikata namba vipande viwili ili kurekebisha nafasi kati ya tarakimu, na anayenakili 3,085,625 akapata 3,08 na 5,625 zikiwa zimeachana. Afisa mipango wa halmashauri huko Kondoa au Manyoni anayehitaji takwimu za kata zake kwa ajili ya bajeti huishia kuzichapa upya kwa mkono, tarakimu moja moja. Nchi inakuwa imelipia vishikwambi ili kukwepa kunakili, kisha kunakili kukarudi kupitia mlango wa nyuma.

Nakiri kwamba wanaoipenda PDF wana sababu. Ya kwanza ni kwamba haibadiliki sura. Waraka uliotengenezwa Mtumba utafunguka Mpwapwa ukiwa na mistari ileile, kwa sababu fonti imefungwa ndani yake, na kwa waraka wa sheria, ramani ya viwanja au cheti, sifa hiyo si ya kuchezea. Aya ya tatu ya kifungu cha nne lazima iwe aya ya tatu kwa kila msomaji. Kuna hata toleo la PDF lililowekewa kiwango mwaka 2005 kwa ajili ya hifadhi ya muda mrefu, linalokataza faili kutegemea chochote kilicho nje yake. Naikubali hoja hii yote, wala haigusi ninachosema. Sisemi ukurasa ufutwe. Nasema utengenezwe na mashine kutoka kwenye chanzo, na chanzo kitunzwe.

Sababu ya pili husemwa mara nyingi zaidi: kwamba PDF haichezewi, na data ikitolewa wazi mtu ataigeuza. Hili si kweli. PDF ni faili kama faili lingine, na maktaba zilezile zinazoitengeneza zinaweza kuifungua, kubadilisha kiasi cha fedha na kuifunga tena bila kuacha alama inayoonekana. Kinacholinda waraka ni sahihi ya kielektroniki iliyokokotolewa kutokana na maudhui yake, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitambua sahihi ya kielektroniki. Hata hiyo inataka uangalifu: mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr huko Bochum, Ujerumani, walionyesha kwamba programu 21 kati ya 22 za kusomea PDF walizozipima zingeweza kudanganywa zikaonyesha maudhui yaliyobadilishwa huku zikisema sahihi ni halali. Basi usalama unatokana na kukokotoa na kuhakiki, na ukokotozi huo unaweza kufanywa juu ya jedwali la data sawasawa na juu ya ukurasa.

Ofisini, hata hivyo, hofu hiyo imezaa desturi mbaya kuliko zote. Waraka unaandikwa kwenye kompyuta, unachapwa, unagongwa muhuri, unatiwa saini, halafu unaskaniwa na kupandishwa kwenye tovuti. Kilichobaki ni picha ya karatasi. Karatasi ya A4 ikiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi huwa na nukta takriban milioni 8.7, na hata zikibanwa faili huwa zito mara nyingi kuliko maandishi yenyewe, ambayo kwa ukurasa mzima hayafiki hata kilobaiti 5. Anayelipia tofauti hiyo ni mwananchi mwenye bando dogo. Asiyeona, ambaye simu yake humsomea maandishi kwa sauti, hapati hata neno moja, kwa sababu picha haina maneno. Na picha yenyewe si ya kuaminika kama inavyodhaniwa. Mwezi Agosti 2013 mwanasayansi wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, alibaini kwamba mashine za Xerox za kuskani zilikuwa zikibadilisha tarakimu. Ramani ya jengo ilirudi ikiwa na vyumba vitatu vya ukubwa tofauti, vyote vimeandikwa mita za mraba 14.13. Njia ya kubana picha ilikuwa ikitafuta vipande vinavyofanana na kuweka kimoja mahali pa kingine, hivyo 6 ikageuka 8 bila ukungu wala doa. Aliyeitazama nakala hakuwa na sababu ya kuishuku.

Wapo watakaosema kwamba teknolojia itatuokoa, kwamba programu za kutambua maandishi kwenye picha zinazidi kuwa hodari. Ni kweli zimeendelea. Tesseract, ambayo haina gharama, ina mafunzo ya Kiswahili. Lakini neno lililosomwa vibaya husahihishwa na kamusi, na namba haina kamusi. Serikalj ataiona kila mtu. Shilingi 385,000 iliyosomwa 335,000 hataiona yeyote, hadi siku ya ukaguzi.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la faragha. Orodha za walioitwa kwenye usaili na za wanafunzi waliopangiwa shule zina majina ya watu halisi, na data iliyopangwa vizuri ni rahisi kukusanywa na matapeli. Nchi sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hilo lazima lipimwe. Ila jina lililo kwenye PDF iliyo wazi tayari liko wazi, na tapeli ana muda wa kutosha wa kulichota. Kinachompa raia kinga ni uwezo wa ofisi kuchagua safu zipi zitoke, na uwezo huo upo pale tu ambapo chanzo ni data: toa namba ya usajili, acha jina ndani, mwache kila mtu aulize habari zake mwenyewe. Anayefanya kazi na kurasa huishia kufunika majina kwa mstatili mweusi. Mwezi Januari 2019 mawakili wa mshtakiwa Paul Manafort huko Marekani walifanya hivyo katika waraka wa mahakama, na waandishi wa habari wakanakili maneno yaliyokuwa chini ya weusi ule, kwa sababu mstatili ulichorwa juu ya herufi na herufi zikabaki pale pale.

Kuhusu gharama sina maneno mengi. Maktaba nilizozitaja hutolewa bure na msimbo wake uko wazi, ingawa mnunuzi asome leseni: iText, mojawapo ya zinazojulikana sana, tangu 2009 hutolewa kwa masharti yanayomtaka anayeitumia bure aufungue mfumo wake wote, la sivyo alipie. Vijana wa kuzitumia wapo. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, kina ndaki ya sayansi za kompyuta, na wahitimu wake wanaweza kujenga mifumo ya halmashauri. Wanachokosa ni agizo la kufanya hivyo.

Agizo hilo linaweza kuandikwa kesho. Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 imeipa Mamlaka ya Serikali Mtandao, yenye makao yake hapa Dodoma, kazi ya kuweka viwango vya mifumo ya taasisi za umma. Kwa hiyo ombi langu ni kwa wanaoandaa hadidu za rejea za zabuni za mifumo. Ongezeni kifungu kinachosema kwamba kila waraka unaotolewa kwa umma utengenezwe moja kwa moja kutoka kwenye hifadhidata, ubebe maandishi halisi yaliyowekewa alama za vichwa, aya na majedwali, utiwe sahihi ya kielektroniki badala ya kuskaniwa, na majedwali yake yatolewe pia kama data siku hiyohiyo. Mzabuni akiwaambia haiwezekani, mwulizeni anatumia maktaba gani.